Sahani ya Tatu ya Mzee Jilala

Mtu akizirai shambani, watu hutazama jua. Akizirai kanisani, hutazama kama madirisha yamefunguliwa. Lakini akizirai mbele ya chakula, wanangu, watu wote hugeuka kumtazama aliyepika. Nimeona hivyo miaka yote niliyotibu huku Bariadi, na ndiyo maana nikisikia kijana ameandika kwenye faili "alizirai wakati akila" halafu akaishia hapo, mkono huniwasha. Umeandika nini sasa? Hapo ndipo kazi inapoanza, wewe unafunga faili unakwenda kunywa chai.

Msinielewe vibaya. Nawapenda, na nyinyi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Mnatoboa kidole, tone moja la damu, sukari inajulikana kabla mgonjwa hajamaliza kulalamika. Sisi tulichemsha mkojo na dawa ya bluu kwenye kichupa juu ya jiko la mafuta ya taa, tukakodoa macho kuona kama rangi inageuka kuwa ya matofali. Wenye haraka walikuwa wanachemsha mpaka mkojo unaruka na kuwapata usoni. Mimi uliniruka zaidi ya mara moja, na manesi walicheka bila huruma. Kwa hiyo nikiwasema, ni kama babu anavyosema wajukuu, hakuna kinyongo.

Mimi ni tabibu. Watu waliniita daktari na sikuwakataza, maana kumkataza Msukuma wa makamo kukuita jina alilokwisha kulizoea ni kupoteza siku. Nilipangiwa kituo cha afya upande wa Sapiwi, wakati ule bado tukiwa mkoa wa Shinyanga, nikiwa na vyeti vipya, viatu vipya na maneno mengi ya kitabuni. Aliyenipokea ni muuguzi mkuu wa kituo, Mama Felista, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Kagera aliyekaa Usukumani mpaka akawa anagombana kwa Kisukuma. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kula kwa mkono. Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema vizuri, kwa sababu nusu ya magonjwa nitakayoyakuta hayasemwi kwenye benchi la wagonjwa, yanaonekana watu wakila.

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi.

Alikuwa na maswali yake, na kila mtu aliyeletwa kwa kudondoka kwenye chakula aliulizwa hayo hayo. Alidondoka kabla ya kula, katikati, au baada ya kushiba? Alikuwa amekaa au alikuwa anainuka? Alibadilika rangi? Alishika koo? Alimeza nini kabla ya chakula? Kitu cha mwisho kabisa kuuliza kilikuwa ni mboga gani. Mimi nilianzia kwenye mboga, kama ndugu wote wa mgonjwa wanavyofanya, naye alikuwa ananisubiri nimalize kisha ananyanyua kope na kuanza yeye.

Kwa maswali hayo tulimpata mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa na kisukari. Alijichoma sindano yake vizuri asubuhi, akaalikwa kwenye harusi, na nyinyi mnajua harusi zetu, chakula kinatangazwa saa sita kinakuja jua limeinama. Alipoletewa sahani mkono ulikuwa unatetemeka, jasho linamtoka, akaanza kumtukana bwana harusi, halafu chali. Watu wakasema pilau ina kitu. Pilau alikuwa hajaigusa. Sukari ndiyo iliyokuwa imemwishia mwilini kwa kungoja, na maji ya sukari aliyopakwa ndani ya shavu kidogo kidogo, kisha akanywa mwenyewe alipozinduka, ndiyo yaliyomrudisha. Alituomba radhi kwa matusi. Bwana harusi, nasikia, hakuwahi kusahau.

Tulimpata pia fundi mwashi, kijana mwenye nguvu za kubeba mfuko wa saruji kwa mkono mmoja. Hii ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, kila mwenye mtaji anafungua duka, na Bariadi mjini mafriji ya mafuta ya taa yakaanza kutokea na soda baridi za kuuma meno. Fundi huyu kila akigugumia soda baridi, anazima kama taa. Wenzake wakamfanya kichekesho, wanamnunulia makusudi wamwone anavyodondoka. Mama Felista alimshika mkono kwenye mshipa, akampa maji baridi ameze, akaniita na mimi niguse. Mapigo yalikuwa yanakwenda, akameza, yakasimama kidogo, nikahisi na moyo wangu umesimama, kisha yakarudi polepole. Kuna mshipa wa fahamu unaopita jirani na koo na unaoushikia moyo breki, na kwa watu wachache kumeza tu kunaukanyaga. Tulimwandikia aende hospitali kubwa Mwanza wakampime moyo, na wenzake tukawaonya kwamba mchezo wao ungeishia kaburini.

Na kuna wale wa nyama. Mtu anacheka huku anatafuna, mnofu unaingia kusikotakiwa. Huyo hazirai kwanza. Anashika koo, anatoa macho, sauti haitoki. Ukingoja mpaka azirai umechelewa. Mpige mgongoni katikati ya mabega kwa nguvu, asipotema mkumbatie kwa nyuma umsukume tumbo juu ya kitovu. Msikae mkamwombea maji. Haya mnayajua, najua, lakini yaelezeni majumbani, kwa sababu nyama choma hailiwi hospitalini.

Sasa nije kwa mzee Jilala, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mzee Jilala alikuwa na ng'ombe wengi, mashamba ya pamba, na wake watatu. Mkubwa ni Minza, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliyemfungulia mji ule tangu ukiwa pori. Wa pili ni Holo, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Mdogo ni Kabula, aliyekuwa na watoto wawili wadogo. Mtoto mkubwa wa kiume wa Minza, Maduhu, alikuwa ameacha kulima na kuwa wakala wa mnunuzi binafsi wa pamba. Mnakumbushwa na wazazi wenu labda jinsi ilivyokuwa: kabla yake pamba iliuzwa chama cha ushirika peke yake, halafu ghafla wakaja wanunuzi na mizani zao na malori yao, na vijana kama Maduhu wakawa watu wa kofia na redio begani. Sikatai, alikuwa mtoto mwema kwa baba yake.

Mwaka ule mzee alianza kuzirai akila. Waliniletea kwa gari la pamba, amelazwa juu ya magunia, lakini alipofika alikuwa mzima kabisa, ananisalimia mwangaluka kama mtu aliyekuja kununua mbuzi. Presha nilipima, safi. Mapigo safi. Damu haikuwa pungufu. Ndugu waliojaa chumbani hawakutaka kusikia habari za presha. Maduhu alinieleza kwa upole, kama anayemsaidia mgeni, kwamba ugonjwa wanaujua. Baba anadondoka akila chakula cha Kabula. Si cha mama yake, si cha Holo, ni cha Kabula tu. Na ushahidi wanao: walipomkataza Kabula asipeleke chakula, mzee hakudondoka tena. Walipomruhusu ajaribu tena, akadondoka siku hiyo hiyo.

Nitawaambia kweli. Ushahidi wa namna ile hata mahakamani ungepita.

Kabula mwenyewe alikuwa amekuja, akitembea nyuma ya gari na mtoto mgongoni. Hakuna aliyempisha kwenye benchi, akachuchumaa barazani juani. Mama Felista alimpelekea maji, akakaa naye chini, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumapili. Wazee walitaka arudishwe kwao na watoto wabaki. Hilo lilikuwa la wapole. Vijana wa ukoo walikuwa wanasema mengine, na nyinyi mliokulia huku hamhitaji niwatajie mengine ni yapi, wala kwa chombo gani.

Nilitoka kumsalimia. Mwadila, mayu, nikasema, yaani habari za mchana, mama, na yeye aliitikia bila kuinua macho. Nilimwuliza anataka tumsaidie nini.

"Nikirudishwa kwetu nitakwenda, daktari. Nikifanywa lolote, nitafanywa. Ila wasiwaambie wanangu kwamba nilimlisha baba yao sumu."

Nilirudi ndani.

Mama Felista alikuwa amekwisha kuwatoa ndugu wote, amemkalisha mzee Jilala kitandani, na anamwuliza maswali yake. Hapo ndipo niliposhukuru, na mpaka leo nashukuru, kwamba nilipangiwa kituo kile na siyo kingine. Alimwomba mzee amweleze jinsi anavyokula, tangu kukaa mpaka kunawa. Mzee aliona ni swali la kitoto lakini alimheshimu mama, akaeleza.

Jilala alikula nje, shikomeni, mahali pa moto wa uani ambapo wanaume wa mji hukaa na kuletewa chakula. Kila mke analeta chake, na vinakuja kwa ukubwa: cha Minza kwanza, cha Holo, mwisho cha Kabula. Na mwenye mji anatakiwa kula cha kila mmoja, kula kwelikweli, siyo kuonja. Mama Felista akamwuliza je, akiruka kimoja? Mzee akamtazama kama anamhurumia.

"Mayu, wewe umeolewa na mume mwenye mke mmoja. Nikiruka sahani, siku tatu hakuna anayenisemesha."

Na kabla ya kula? Kabla ya kula, akasema, anameza dawa. Akatoa mfukoni mwa koti kipakiti cha vidonge vya aina mbili. Maduhu alimnunulia kwenye duka la dawa lililofunguliwa mjini, baada ya mtu mmoja kumpima mzee mnadani na kumwambia ana presha. Muuzaji alikuwa amesema ameze vyote pamoja kabla ya chakula kikubwa. Mzee ni mtu wa utii, alikuwa hajaruka hata siku moja.

Mama Felista alinitazama, nikamtazama. Hakuna mtu katika ukoo mzima aliyekuwa amevitaja vidonge. Na kwa nini wavitaje? Vilinunuliwa kwa pesa, vimefungwa vizuri, vimeandikwa Kizungu. Dawa ni kitu cha kuponya. Cha kushukiwa ni ugali.

Sikilizeni sasa, maana hii ndiyo faida yenu. Mtu akila sana, damu inakimbilia tumboni kusaga chakula. Kijana haoni tofauti, moyo unaongeza mwendo na mishipa inajikaza. Mzee mishipa yake imechoka. Mpe juu yake vidonge viwili vya kulegeza mishipa, mrundikie sahani tatu za ugali, mkalishe kwenye kigoda kifupi mchana wa joto, na presha inateremka taratibu wakati anakula. Sahani ya kwanza anavumilia. Ya pili anavumilia. Ya tatu, macho yanaingia giza. Ukimwondolea sahani yoyote moja, hafiki kwenye giza. Kabula alikuwa hajafanya kosa lolote isipokuwa kuolewa mwisho.

Mkimpata mzee wa namna hii, msikimbilie kumtundikia maji. Mlazeni chali pale pale, miguu juu, mfungulieni kifungo, msimtie kitu mdomoni mpaka aongee. Kisha kaeni na vidonge vyake. Jilala tulimwondolea aina moja kabisa, nyingine tukaipunguza na kuihamishia wakati asiokula, tukamwambia ale kidogo mara nyingi, anywe maji ya kutosha, na akimaliza asiinuke kwa kukurupuka. Aliishi miaka mingi akinitania kwamba nilimwachisha kushiba. Lakini kama mzee wenu hana vidonge na anazirai, au anaumwa kifua, au mapigo yanarukaruka, au haamki upesi akilazwa, huyo apelekwe hospitali ya kupima moyo, msijifanye mnajua. Moyo unaokufa mara nyingine hujifanya kiungulia.

Basi tungeweza kuvibadilisha vidonge siku ile ile. Nilitaka hivyo. Mama Felista akanizuia. Ukimpunguzia dawa leo, akasema, atapona, na watasema amepona kwa kuwa Kabula amekatazwa kupika. Umemponya mzee, umemwua mwanamke. Ni lazima waone.

Tukapanga, na mzee tukamweleza kila kitu, maana mwili ulikuwa wake. Nilimwambia tutamfuata nyumbani Jumapili, ameze vidonge vyake kama kawaida kwa mara ya mwisho, wake wote wapike, ila vyakula viletwe kinyume: cha Kabula kwanza, cha Minza mwisho. Mimi nitakuwa namfunga mpira wa presha kila sahani inapokwisha, na mara ikianza kushuka nitamlaza kabla hajaanguka. Nilimwambia akikataa tutatafuta njia nyingine. Jilala alikunja midomo, akasema bora aone giza mara moja zaidi kuliko kumwona mke wake anaondoka mlangoni bila watoto. Nilikuwa nimezoea kufikiri wazee wa aina yake wanahesabu ng'ombe tu. Nilijifunza.

Jumapili baada ya ibada nilifunga mashine ya presha nyuma ya baiskeli. Ilikuwa ile ya zebaki, sanduku la chuma zito, nimeizungushia kanga ya Mama Felista isigongwe na mawe, na njia nzima watoto wananikimbilia wakiuliza kama nauza redio. Mama mwenyewe alibaki kituoni, kulikuwa na mzazi mwenye uchungu. Nilijiona shujaa, sitawaficha. Nilikuwa na mpango, nilikuwa na sayansi, na nilikuwa na hadhira.

Ukoo mzima ulikuwepo. Wazee kwenye vigoda, vijana wamesimama nyuma yao, wanawake upande wa jikoni. Maduhu alinipokea vizuri, akashikilia baiskeli. Nilieleza kwamba nimekuja kumwona baba akila, na kwamba ninaomba chakula kianze cha mdogo. Minung'uniko ilipita, lakini mzee Jilala alisema ni amri yake, ikaisha. Akameza vidonge mbele yao. Hakuna aliyevitazama hata hapo.

Kabula alileta ugali wa mtama na mlenda. Wanaume wengine walikataa kunawa, wakajifanya wameshiba, na mzee akala peke yake, tonge baada ya tonge, huku watu wanamtazama kama wanaongoja mti uanguke. Kiasi kilibaki, akakisogeza pembeni. Nikapima. Zebaki ilikuwa imeshuka kidogo, si kitu. Nikatangaza kwa sauti kwamba mzee ni mzima, na macho ya watu yakaanza kutazamana. Akaja Holo na maharage. Mzee akala. Nikapima, imeshuka tena, na paji la uso linaanza kung'aa. Nikatangaza hilo pia, ingawa sidhani walinisikia.

Minza akaleta chake. Aliweka sahani chini kwa mikono miwili, ugali mweupe na kuku aliyemchinjia mumewe, akarudi jikoni. Mzee alikula tonge chache. Nikaona jasho linachuruzika, rangi inamtoka, mkono unakaa hewani na tonge lake. Zebaki ilikuwa imeshuka chini sana. Nikamshika mabega, nikamlaza mkekani, miguu juu ya kigoda chake, na kabla watu hawajamaliza kusimama alikuwa amefumbua macho na kuniuliza kama kuku wamemmaliza.

Niliinua kichwa nikiwa na furaha yangu yote. Nilikuwa nimethibitisha. Chakula cha Kabula alikula akabaki mzima, kila mtu ameona. Nilitegemea nione nyuso zinafunguka.

Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote walikuwa wamegeuka upande wa jikoni, wanamtazama Minza.

Mzee mmoja alisema polepole kwamba kumbe muda wote huu ilikuwa mama mkubwa, alikuwa anamsingizia mdogo. Kijana mmoja nyuma akasogea mbele. Maduhu, ambaye wiki nzima alikuwa ndiye msemaji wa ushahidi, alijikuta ushahidi wake wote umehamia kwa mama yake. Minza alisimama na mwiko mkononi, mwanamke yule mrefu, na nilimwona anapungua.

Nilianza kuongea. Nilieleza vidonge, nilieleza tumbo na damu, nilinyanyua kile kipakiti juu. Nilieleza vizuri, hata mwalimu wangu wa chuo angenipa maksi zote. Walikuwa wananingoja nimalize kelele. Niliona kabisa kwamba nimelitoa panga kwenye shingo moja na kuliweka kwenye nyingine, tena ya mama wa mji.

Hapo Kabula alitoka jikoni. Alimpa Holo mtoto. Alikuja mpaka shikomeni, mahali ambapo mwanamke hakai wala hali chakula, akakaa chini katikati ya wanaume wote wale, akaivuta sahani ya Minza iliyobaki na akanawa kwa maji ya mumewe. Wazee walishtuka. Mmoja alimwita jina kwa ukali. Hakugeuka. Alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akamega jingine. Hakuwa na haraka, alitafuna na kumeza, alishika paja la kuku akalitafuna mpaka mfupa. Kijana yule aliyesogea mbele alirudi nyuma akakaa. Nilimshika Kabula mkono kwenye mshipa, sijui kwa nini, labda nilihitaji kushika kitu. Mapigo yalikuwa yanakwenda mbio lakini sawasawa.

Alipofika katikati ya sahani aliinua uso, akamtazama Minza, siyo wazee.

"Mayu, njoo ukae. Mimi nilingoja mtu mmoja tu aje ale changu namna hii. Hakuja mtu."

Minza hakuja upesi. Kwanza aliweka mwiko chini. Kisha alitembea mbele ya ukoo wote, akakaa chini ubavuni mwa Kabula, akakivuta kile chakula cha mtama kilichobaki, ambacho hakuna mwanaume aliyekubali kukigusa, akaanza kula. Machozi yalikuwa yanamdondokea mkononi na anaendelea kula. Mzee Jilala, akiwa bado amelala na miguu juu ya kigoda, alisema wamwachie kidogo.

Ndipo wazee wakaniomba niwaelezee tena habari za vile vidonge, na Maduhu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote. Kabula sikupata nafasi ya kuongea naye mpaka naondoka. Nilimkuta kwenye geti la boma anaingiza mifugo, nikamwambia kwa Kisukuma changu kibovu, wabeja, mayu, wabeja sana. Alishangaa daktari anashukuru nini.